SVG ndani ya ODT na DOCX: uzoefu wangu wa kuandaa mitihani yenye michoro

Nachapa mitihani na vijitabu vya sayansi vya sekondari: saketi za umeme, figo iliyopasuliwa, kontua, grafu. Michoro naichora Inkscape na kuihifadhi kama SVG, faili ya vekta, yaani mistari iliyoelezwa kwa hesabu badala ya nukta. Maandishi nayaandika LibreOffice Writer, ambayo faili yake ni ODT. Zote mbili ni za bure na hazikudai laiseni. Ninachotaka kukieleza ni namna faili zao zinavyopatana, maana ukiuliza utajibiwa "usijali, zote ni XML", kana kwamba hapo ndipo maneno yameishia.

Ni kweli zote ni XML, yaani maandishi yenye lebo ambazo programu inazisoma. SVG imekuwa kiwango cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2001. ODF, familia ya faili ambamo ODT yetu imo, ilipitishwa na OASIS, shirika jingine la viwango, mwaka 2005 na mwaka uliofuata ikawa kiwango cha ISO. DOCX, faili ya Microsoft Word, na ndugu zake walipata namba yao ya ISO, 29500, mwaka 2008. Lakini XML ni namna ya kuandika tu. Kila mmoja ameiandikia mambo yake.

Ukitaka kuona kwa macho yako, nakili faili ya ODT, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, kisha ifungue. Utakuta content.xml, styles.xml na folda iitwayo Pictures. Ndani ya content.xml utaona svg:width="8.5cm", svg:x, svg:y, na kwenye mistari iliyopinda svg:d, ile ile inayobeba njia ya kalamu katika SVG. Hapo unafurahi. Sasa panda juu kabisa ya faili usome svg: (kiambishi kinachotaja msamiati) imetokea wapi. Haielekezi kwa W3C, http://www.w3.org/2000/svg. Inaelekeza urn:oasis:names:tc:opendocument:xmlns:svg-compatible:1.0. Yaani ODF imeazima sifa kadhaa za SVG, ila vitu vyenyewe ni vyake: draw:frame, draw:path, draw:custom-shape. Ni kama mgeni aliyejua salamu za Kidigo peke yake. Anaitikia vizuri mpaka umuulize habari za shamba. Ukikata kipande cha SVG halisi ukakibandika humo, usitegemee kitachorwa.

Kwa kazi ya kila siku hilo halinisumbui, mradi nifuate sharti moja: mchoro ubaki mzima. Nikiuingiza Writer kama picha, SVG yangu inakaa ndani ya Pictures, na pembeni yake programu inaweka nakala ya PNG, picha ya nukta, kwa programu za kusomea zisizojua vekta. Nikitoa PDF, mistari inabaki vekta. Ikuze utakavyo, waya wa saketi haukatiki ngazi ngazi. Kwa hili naipa LibreOffice alama za juu bila kusita.

Ukiupeleka Draw, programu ya kuchorea ya LibreOffice, na kuuvunja ili uhariri vipande, ni habari nyingine. Kuanzia hapo SVG haipo tena, ni maumbo ya ODF. Mistari, miduara na rangi tupu huvuka salama. Vitu ambavyo SVG inavieleza kwa njia yake, hasa vivuli vya ukungu na vinyago, havina mwenzake wa moja kwa moja upande wa pili. Mimi nikitaka kubadilisha lebo ya nefroni narudi Inkscape, narekebisha, naingiza upya. Dakika mbili.

Upande wa Word historia ni ndefu zaidi. Mwaka 1998 Microsoft na wenzake walipeleka W3C pendekezo la VML, lugha yao ya michoro, wengine wakapeleka PGML, lugha shindani, na SVG ikazaliwa baada ya mvutano huo. Hata hivyo VML ilikaa miaka ndani ya Office, ikafuatiwa na DrawingML, lugha nyingine ya michoro ya Microsoft. Kuingiza SVG moja kwa moja kulikuja baadaye sana, kwanza kwa wenye kulipia kwa mwezi, halafu katika Office 2019. Fungua DOCX ya namna hiyo kwa mbinu ile ile ya .zip, ingia word/media: mchoro mmoja, faili mbili, PNG na SVG. Word ya zamani haiijui SVG, inaonyesha PNG. Shule moja ilinipigia simu kwamba figo "ina ukungu", kumbe kompyuta yao ilikuwa na Word ya zamani. Tangu hapo cha kuchapishwa nakituma PDF, DOCX ni ya mwalimu anayetaka kubadilisha maswali.

Mawili ya kuangalia kwenye SVG yenyewe. Kwanza vipimo. Inkscape kabla ya toleo 0.92 la mwaka 2017 ilihesabu pikseli 90 kwa inchi. Sasa ni 96. Mchoro wa zamani uliopimwa kwa pikseli ukifunguliwa leo unasinyaa: mstari wa sentimita 10 unakuwa 9.4 hivi. Kwenye ramani ambayo mwanafunzi anapima kwa rula, hilo ni swali limeharibika. Andika upana kwa milimita na uweke viewBox, sifa inayotaja eneo la mchoro ili lilingane na upana huo, yaishe.

Pili, maandishi. Inkscape za zamani zilikuwa na maandishi yanayojipanga ndani ya kisanduku, yaliyotokana na rasimu ya SVG 1.2 ambayo haikupitishwa. Programu nyingine zikiyakuta zinaonyesha kisanduku cheusi au patupu. Yageuze yawe maandishi ya kawaida kabla ya kuhifadhi. Na kama fonti yako si ya kawaida, geuza herufi ziwe njia, ila bakiza nakala ya kuhariri, kwa sababu baada ya hapo huwezi kusahihisha tahajia.

Wanaotengeneza vitabu vya kusomwa kwenye simu wana raha zaidi: EPUB 3 inapokea SVG halisi ya W3C katikati ya ukurasa, haina haja ya kuazima chochote.

Vivuli laini na picha za hadubini bado natoa PNG ya nukta 300 kwa inchi. Wenye kushikilia vekta kwa kila kitu watanisamehe.