Kengele ya mtoto garini: uliza kwanza inalia wapi

Pedi ya kengele, ile inayohisi mtoto kakaa kitini na kuliza simu ukimwacha garini, niliagiza Dar kwa 140,000, ikaletwa Mtwara na basi. Nikaitandika kwenye kiti cha mwanangu, nikaiunganisha na simu ya baba yake, roho ikatulia. Mwezi uliopita baba yake akaegesha Ligula saa saba mchana, mtoto kasinzia nyuma, vioo vyeusi, akashuka na bahasha yake. Simu haikulia. Mlinzi ndiye aliyemwona mtoto, nywele zimelowa jasho, akamkimbilia baba mtu.

Usiku ule niliichunguza simu. Ilikuwa imeizima programu yenyewe ili kutunza chaji, bila kusema neno. Android nyingi tulizonazo hufanya hivyo. Kwa hiyo, mama zangu, rangi na ulaini wa kitambaa waachieni wenyewe. Ulizeni kengele inalia wapi. Kama ni kwenye simu tu, laza simu saa nzima skrini ikiwa imezimwa, kisha mwache mtu mzima garini na mtoto, wewe uondoke na simu uone. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wetu.

Chaguo langu ni Evenflo SensorSafe, kiti cha mtoto chenye klipu ya kifuani inayotoa taarifa, lile toleo lenye kipokezi cha kuchomeka chini ya usukani. Ukizima injini na klipu ya kifuani bado imefungwa, kinalia humohumo garini. Simu haihusiki, na ndiyo maana nalipenda. Ila limetengenezewa magari ya kuanzia 2008. Kama lako ni IST ya 2004, usilipe kabla fundi hajakijaribu.

Linalofuata ni Chicco BebèCare, la Italia, ambako tangu 2019 sheria inadai kifaa hiki kwa mtoto wa chini ya miaka 4. Linategemea simu, lakini usipoitika hutuma ujumbe na mahali gari lilipo kwa watu uliowachagua. Iondolee programu yake kizuizi cha betri siku hiyohiyo.

Waze, programu ya ramani ya simu, ina kikumbusho cha bure, ila mpaka uiwashe kwa safari.

Aliyeniuzia pedi kaniambia mali ikishauzwa hairudishwi. Sisi wa kusini tunauziwa kwa picha, nauli ya mzigo juu yetu, na duka lenyewe liko zaidi ya kilomita 500. Nilimtumia video: mtoto kakalia pedi, simu iko mbali, kimya. Tiki mbili zimegeuka bluu, jibu hakuna hadi leo.