Fulana za maneno ya kutia moyo: nimezivaa, haya ndio maoni yangu

Oyaa wadau, karibuni tena, leo hatuchambui simu wala spika, leo ni hizi fulana zenye maneno ya kutia moyo, maana kila nikitokea nimevaa moja huko kwenye komenti inakuwa vita, wengine "kali sana kaka" wengine "huo ni ushamba". Sasa ninazo hapa mezani tatu, nimezivaa na kuzifua za kutosha, tuongee.

Naanza na hii nyeusi, USIKATE TAMAA. Kitambaa sina neno, pamba tupu, shingo bado haijalegea. Ila ngoja niisogeze kwenye kamera... mnaiona hiyo herufi U? Imepasukapasuka kama tope lililokauka juani. Huu ni wino unaitwa plastisoli, unatakiwa upate joto la kama nyuzi 160 hivi ndio uive wote mpaka chini, fundi akiwa na haraka juu unakauka ndani bado mbichi, sasa wewe ukifua fua unaanza kuachia. Kwa hiyo ukienda kununua vuta kidogo pale penye maandishi kwa vidole, ikionyesha nyufa hapohapo rudisha. Na ukifua igeuze nje ndani, maji baridi, pasi usipitishe juu ya maandishi. Hilo limeisha.

Kesi iko kwenye maneno yenyewe. Mtu anakwambia navaa ili nijipe moyo, sawa, ila unajipaje moyo kwa maneno yaliyoko kifuani kwako yanaangalia mbele? Wewe huyasomi bwana! Hata ukijitazama kwenye kioo yako kinyume. Anayeyasoma ni yule aliyekaa mbele yako, na huyo hukumuuliza anapitia nini. Chukulia umekaa kwenye benchi la hospitali na USIKATE TAMAA yako, anayekutazama ana bahasha ya majibu mkononi hajaifungua... hiyo sio moyo tena, hiyo ni amri, na aliyeitoa hamfahamu hata jina.

Najua kuna watakaonitajia saikolojia. Ni kweli mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky walitoa utafiti kwamba waliovalishwa koti jeupe la maabara walikosea kidogo kwenye jaribio la umakini kuliko waliobaki na nguo zao, dunia nzima ikashangilia, ila 2019 watafiti wengine wakarudia lile jaribio na tofauti haikuonekana. Na lile lilikuwa koti, halikuandikwa kitu. Kwa hiyo mwenye kukuuzia fulana kwamba itakubadilisha akili, mwambie aongeze maelezo.

Halafu amri zikichapwa sana zinachuja. Ile Keep Calm and Carry On, yaani tulia uendelee na shughuli, mnaijua wote, ilikuwa bango la serikali ya Uingereza mwaka 1939 vita vinaanza, zikachapwa karibu milioni 2.5 na nyingi hazikubandikwa hata siku moja, mpaka mwaka 2000 nakala moja ikakutwa kwenye duka la vitabu vya mitumba, Barter Books, kule Alnwick. Maneno ya kuwatuliza watu wanaosubiri mabomu, leo yako kwenye vikombe na soksi, nani anatulia kwa sababu ya soksi jamani.

Hii ya pili sasa, ya bluu, NAJARIBU TENA. Hii naipenda wadau sifichi. Inamsema aliyeivaa, haimgusi mtu mwingine, anayesoma anacheka kidogo anauliza "unajaribu nini?" na stori inaanza. Ni maneno mawili tu lakini yamekaa upande wangu, nikishindwa nimeshindwa mimi. Ukitaka kununua ya maneno tafuta ya namna hii, ya "mimi", hizi za AMKA, PAMBANA, ACHA VISINGIZIO waachie makocha.

Ya tatu hii nyeupe sitaimaliza, sentensi ndefu, herufi nyembamba za kujikunja, mtu lazima akukodolee kifua ndio aisome, na dada zangu mnajua hiyo inavyokera. Katharine Hamnett, mbunifu wa mavazi wa Uingereza, alilijua hili mapema, mwaka 1984 aliingia kwenye hafla ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wao wakati ule, na fulana ya kupinga makombora ya nyuklia ya Pershing, herufi nyeusi zimejaa kifua kizima, picha ikasomeka dunia nzima. Maneno machache, makubwa, umemaliza.

Ila kumbuka ukivaa neno watu wanakupima nalo, umeandika UPOLE KWANZA halafu unamfokea mhudumu, watu watakupiga picha na mimi nitacheka.

Kwa hiyo ya bluu inabaki kabatini, nyeusi naifanya ya kulalia, nyeupe inaenda kuwa dekio. Na kama unayo ya "mimi" inayonizidi hii niandikie hapo chini imeandikwaje, nikiikubali naipeleka kwa fundi, na safari hii nasimama palepale mpaka wino uive.