Safaya ya pete ya wifi yangu: fundi namsifu, lakini yule kijana wa kaunta sijamsamehe

Nianze na lililonichoma, maana mpaka leo nikipita njia ile damu inanichemka. Nilikatazwa kulitoa jiwe mlangoni. Sikuomba kwenda nalo nyumbani, wala kuvuka nalo barabara. Niliomba kulifikisha barazani, baraza ya duka lao wenyewe, hatua mbili tatu kutoka kaunta, nilione kwa mwanga wa jua. Kijana aliyekuwa akiuza akalifunika jiwe kwa kiganja, akanitazama kuanzia mtandio mpaka ndara, akasema: "Mama, hapa si duka la shanga."

Jina la duka silitaji. Liko Mji Mkongwe, kwenye zile njia wanazopita watalii wakitoka Forodhani. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaotafuta jiwe la rangi kwa pete ya uchumba, khasa nyinyi mnaotaka kutengenezesha, si kununua iliyokwisha tengenezwa.

Anayeoa ni mdogo wangu. Yuko Muscat kikazi, na kwetu pete tunaipeleka sisi wanawake, kwa hiyo fedha alizituma kwangu na maneno machache: "Dada, wewe ndiye mwenye jicho. Nataka safaya, lakini si ya bluu." Watu wakisikia safaya hufikiri bluu peke yake, ile ya pete aliyovishwa Diana mwaka 1981. Yakuti, ndiyo hiyo safaya kwa jina letu, huja kwa rangi nyingi: manjano, kijani, zambarau, waridi, chungwa, hata lisilo na rangi kabisa. Likiwa jekundu ndiyo rubi, na jiwe ni lilelile. Bi harusi alipoulizwa akataka rangi iliyo baina ya waridi na chungwa, ya embe linaloanza kuiva upande mmoja. Nikasema haya, nitaitafuta.

Kila duka nililoingia walianza kwa kunitolea tanzanaiti. Naipenda tanzanaiti, ni yetu, haichimbwi popote duniani ila Mirerani. Lakini pete ya uchumba huvaliwa kila siku, na mkono wa mwanamke wa Unguja una kazi. Unakuna nazi, unaparua samaki, unafagia uwanja. Vumbi la kawaida tu lina chembe za kwatzi, yale madini ya mchanga, na kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 mpaka 10. Tanzanaiti iko baina ya 6 na 7, kwa hiyo inakwaruzika kidogo kidogo, kingo zinalika, mng'aro unafifia. Yakuti ni 9, juu yake hakuna ila almasi. Kwa herini au kidani chukua tanzanaiti utapendeza. Kwa pete ya kila siku mimi sikubali, na wauzaji wanaojua hivyo wakanyamaza wanatudhulumu.

Sasa turudi kwenye mwanga, kwa sababu ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kijana yule alinitolea jiwe la zambarau lililoiva, la Bonde la Umba, huko mkoa wa Tanga karibu na mpaka wa Kenya. Chini ya taa zao za manjano zinazoning'inia juu ya kioo liliwaka mpaka nikakaribia kusahau nilichotumwa. Lakini mawe ya Umba yanajulikana: baadhi yake hubadilika rangi. Kwenye balbu ya manjano ni zambarau yenye wekundu, ukilitoa juani linageuka kuwa bluu ya kijanikijani yenye ukijivu. Wapo wanaolitafuta jiwe la namna hiyo makusudi na kulilipia zaidi. Sawa. Ila bi harusi hatavaa pete ndani ya duka lao. Ataivaa uani kwao, kwenye daladala, ufukweni. Na hata jiwe lisilogeuka, taa ya manjano hulitia wekundu usio wake. Nimeliona la waridi dukani likawa kahawia nje. Kwa hiyo kuomba mwanga wa jua si ujuaji wala si uchokozi. Mtu anayenunua jiwe la rangi bila kuliona juani ananunua taa ya duka.

Na kilichonikata maini ni hiki. Muda mfupi kabla, nimekaa kwenye kiti nangoja zamu yangu, Mzungu mmoja na mkewe walikuwa wakionyeshwa jiwe kwenye kibano. Kijana yuleyule aliwafungulia mlango, akatoka nao barazani, akawainulia jiwe juani, yule mwanamke akapiga picha upande huu na upande huu, wakacheka, wakarudi ndani, wakaaga. Hawakununua hata pini. Akawasindikiza na "karibuni tena". Nimeyaona kwa macho yangu mawili. Ilipofika zamu yangu mlango ukawa hautokeki.

Nikamuuliza kwa upole, "Mwanangu, wale umewatoa nje na jiwe. Mimi nina nini?"

Akajibu akiwa anapangapanga vitu vyake, "Wale wateja."

Wale wateja! Mimi nimezaliwa Mkunazini, vichochoro hivi nimecheza ukuti ndani yake. Ningekimbia na jiwe niende wapi, asinijue nani? Nikamwambia buibui hili lina mkoba ndani yake, na mkoba una fedha, na fedha hizo zimetoka jasho la mtu ughaibuni. Nikamwambia mama yake angekuwa amesimama nilipo mimi asingefurahi. Sikutukana. Lakini sauti ilipanda, siwezi kusema haikupanda, mpaka wazee waliokuwa wakinywa kahawa nje wakaanza kuchungulia.

Hapo pazia la nyuma likafunguka, akatoka fundi mwenyewe. Mtu mzima, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, vidole vyeusi kwa moshi wa kuchomelea. Hakuuliza nani kamkosea nani. Alilichukua lile jiwe kutoka kwa kijana, akalibana kwenye kibano, akaniambia, "Twende nje, mwanangu. Humu ndani hata mimi silioni vizuri."

Tukatoka. Zile njia zetu ni nyembamba, jua lilikuwa limeangukia kipande tu cha ukuta wa pili, akanyoosha mkono mpaka pale. Ile zambarau ikaondoka mbele ya macho yangu. Ikabaki bluu iliyopauka, yenye kijani na moshi. Jiwe zuri kwa anayelitaka. Kwa wifi yangu hapana. Ningelipeleka lile, ningeonekana nimeleta rangi nyingine kabisa, na lawama ingekuwa yangu, si ya kijana wa kaunta.

Baada ya hapo mzee alikaa na mimi yeye mwenyewe, na hapa sharti nitende haki. Sijapata kuhudumiwa vile na sonara yeyote mjini hapa. Alifungua vile vikaratasi vyao vilivyokunjwa, akamimina mawe kwenye kitambaa cheupe, akaacha nichague bila kunisukuma. Kijana alikuwa ameshanitengea moja kubwa la waridi, anasema ndilo "la heshima". Mzee akaliweka juu ya risiti, uso juu, akaniambia nitazame katikati. Nikasoma tarakimu za risiti kupitia jiwe, zote, bila shida. Limekatwa bapa mno ili uzito usipotee, maana mawe huuzwa kwa karati, na karati ni gramu 0.2, kila chembe inahesabiwa. Mwanga unaingia juu na kutokea chini badala ya kukurudia machoni. Kubwa lakini limekufa katikati. Akalirudisha kwenye karatasi yake.

Nililochagua ni dogo kuliko nilivyokusudia. Alisema limetoka Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Rangi yake ni ileile aliyoitaja bi harusi, na nje ilizidi kupendeza. Kivulini kwenye njia ilitulia ikawa waridi zaidi, juani chungwa likajitokeza. Nililigeuza kwenye kibano mpaka mkono ukachoka.

Kisha nikamuuliza lile swali ambalo kila mmoja wenu aulize: limepikwa? Mawe mengi ya yakuti hupitishwa kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 ili rangi ikolee au wingu la ndani litoke. Hilo lenyewe si wizi, rangi inadumu, mradi uambiwe na bei ifanane. Balaa liko kwenye rangi hii hii ya waridi na chungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko lilijaa mawe yaliyopikwa pamoja na berili, metali nyepesi, huko Thailand, yakiwemo ya Songea. Berili inapenya ndani ya jiwe, jiwe la rangi hafifu linatoka chungwa la kuvutia, na likauzwa kama la asili kwa bei ya asili. Kwa jicho na lenzi hulitambui, lazima maabara yenye mitambo yake. Mzee hakunung'unika kuulizwa. Alinipa lenzi akanionyesha ndani ya jiwe, karibu na ukingo, nyuzi nyembamba mno zimelala zikikatizana, zote nzima nzima. Moto mkali huzikata nyuzi hizo zikabaki nukta nukta. Halafu akasema, "Usiniamini mimi, amini karatasi," akatoa ripoti ya maabara, tukalinganisha uzito na vipimo kwenye mizani yake mbele yangu. Haijaandikwa moto wala berili. Hapo ndipo nilipotoa arubuni.

Dhahabu ilituletea mzozo wa nyumbani kidogo. Mama hataki kusikia karati 18 (kwa dhahabu karati ni kipimo cha usafi, si uzito). Kwake hiyo ni shaba iliyovaa nguo ya kuazima. Na fundi naye anasema dhahabu ya karati 22 ni laini, vikucha vinavyoshika jiwe vitapinda, siku moja jiwe litadondoka kwenye beseni la kufulia. Mwisho akashauri karati 21, ambayo ni dhahabu asilimia 87.5, lakini jiwe lisishikwe kwa vikucha. Lizungushiwe ukingo mzima, na chini paachwe wazi ili mwanga upite na uchafu usafishike kwa mswaki laini na maji ya sabuni. Mama karidhika, mimi nimeridhika, na mkono utakaokuna nazi hautanasa popote.

Pete ilichelewa kidogo kuliko walivyoahidi, hilo nimelisamehe. Imetoka nzuri, wallahi imetoka nzuri. Ukingo umelala laini, hauoni ilipounganishwa. Tulipoipeleka, shangazi zake bi harusi waliipokezana sinia zima likasahauliwa, halua ikakaa haijaguswa. Mdogo wangu alipoonyeshwa kwa simu akanyamaza kwanza, kisha akasema "Dada, Mungu akuweke."

Kwa hiyo niwaambie nendeni? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kusema msikanyage pale. Kisha nimeandika habari za fundi, nikaona nitakuwa nimemdhulumu mtu mwenye mikono ya aina yake na ulimi wa kweli, na mafundi wanaokwambia "usiniamini" ni wachache. Basi nendeni, lakini mkifika msizungumze na kaunta. Semeni mnamtaka fundi, na mkiambiwa hayupo ondokeni, rudini siku nyingine. Nendeni mchana, jua likiwa juu na njia ina mwanga, na ombeni kutoka na jiwe kabla hamjauliza bei. Wakikataa, hapo hapo mmeshajibiwa.

Ila nikikumbuka siku ya kuchukua pete moyo unarudi nyuma. Kijana alikuwa palepale. Alihesabu fedha za salio mara mbili mbele yangu, akaninyooshea kisanduku, akaniuliza, "Mama umefurahi?" kama vile hapajawahi kupita neno baina yetu. Hakuna samahani, hakuna kumradhi, hakuna hata kiti. Na nyuma yangu kulikuwa na watalii wawili, mlango uko wazi, mmoja amesimama barazani na jiwe mkononi mwake mwenyewe.

Fundi nampa nyota tano, na kama zingekuwepo sita ningempa. Duka nilitaka kulipatia tatu. Sasa nimefika hapa naandika, naona tatu nyingi, nalipatia mbili, na hizo mbili ni zake mzee. Mwenye duka akisoma haya atajua ni yeye. Namba yangu ya simu imo kwenye risiti yao, na mpaka leo hakuna aliyenipigia kuniomba radhi.