Land Rover Defender ya zamani: kagua chasi kabla ya kusikiliza injini

Anayenunua Defender iliyotumika huanza kwa kufungua boneti, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Injini ya gari hili hushushwa, hufunguliwa na kurudishwa bila taabu kubwa, na spea zake bado zinatengenezwa. Chasi iliyooza, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ni habari nyingine. Ikidai kubadilishwa, bodi yote inanyanyuliwa, nyaya zinachomolewa, mabomba ya breki na ya mafuta yanafungwa upya, na gharama inaweza kupita bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo lala chini kwanza. Injini utaisikiliza baadaye.

Chanzo cha tabia hii ya chasi kuoza kiko kwenye kuzaliwa kwa Land Rover ya kwanza, iliyokuja kuitwa Defender baadaye. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya Willys, masalia ya vita, kwenye shamba lake huko Anglesey, Wales. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa akiiongoza kampuni, wakaona wanaweza kutengeneza gari la aina hiyo kwa ajili ya wakulima. La majaribio lilijengwa juu ya chasi ya Jeep, na usukani uliwekwa katikati. Usukani ule haukufika sokoni. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya Birmabright, aloi ya alumini na magnesi, kwa kuwa alumini ilipatikana kuliko chuma, na paneli zilifanywa bapa ili zikunjwe bila mitambo ya gharama. Chasi ilikuwa vipande vya bapa la chuma vilivyochomelewa kuwa boksi.

Basi hiyo ndiyo Defender ya zamani hadi ya mwisho: bodi isiyoshika kutu juu ya boksi la chuma linaloweza kuoza kwa ndani huku nje likionekana zima. Na pale alumini inapogusana na chuma pakiwa na unyevu, hasa kwenye ukingo wa chini wa milango, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imevimba, na chini yake unga mweupe.

Historia iliyobaki inaelezeka haraka. Toleo la kwanza, Series I, lilidumu hadi 1958, ikaja Series II, kisha IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971, zote zikiwa na springi za mapande. Mwaka 1983 ikatoka One Ten na mwaka uliofuata Ninety, zenye springi za koili na magurudumu yote manne yanayovuta muda wote. Jina Defender lilibandikwa mwaka 1990, baada ya Discovery, gari lingine la kampuni hiyo, kuingia sokoni na jina "Land Rover" peke yake kuanza kuchanganya watu. Kampuni ilipita mikononi mwa British Leyland, British Aerospace, BMW na Ford kabla ya Tata kuinunua mwaka 2008, lakini kiwanda kilibaki Solihull, na ya mwisho ilitoka hapo tarehe 29 Januari 2016. Ukijumlisha Series zote na Defender, zilishapita milioni 2.

Sasa turudi chini ya gari. Chukua nyundo ndogo na tochi. Gonga boksi la chasi taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali, kilichooza hutoa mlio mfu, na mara nyingine nyundo huacha alama. Usilipite boriti la mwisho kabisa nyuma, lile linalobeba ndoano ya kuvutia, kwa sababu matope hurushwa pale na kukaa. Gonga pia mikono inayotoka ubavuni kwa chasi kubeba bodi, na sehemu zinazoshika springi za nyuma. Ukikuta lami nyeusi mbichi imepakwa chini yote siku chache kabla ya gari kuuzwa, chukulia kuwa kuna kinachofichwa, ugonge mara mbili. Matundu ya kutolea maji kwenye chasi yanatakiwa yawe wazi. Yakiziba kwa udongo, chasi inageuka tanki la maji.

Ukitoka hapo, kagua ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Hiki ni kipande cha pili kwa gharama, na wanunuzi wengi hata hawakijui. Inua zulia la miguuni pande zote mbili, kisha tazama pembe za juu, chini ya bawaba za kioo cha mbele. Kutu ikiwa imevimba pale, ujue kwa ndani imekwenda mbali zaidi.

Kwenye injini, maoni yangu ni wazi: 200Tdi ya mwaka 1990 au 300Tdi ya mwaka 1994, zote dizeli za lita 2.5 zenye tabo na nozeli zinazopuliza dizeli moja kwa moja ndani ya silinda. 300Tdi hutoa nguvu farasi 111 na msokoto wa Nm 265 kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika, kwa hiyo huvuta kutoka chini bila kupigiwa kelele. Kinachowafanya wamiliki wazipende ni kwamba kwenye Tdi ya kawaida, ikishawaka, umeme inaouhitaji ni waya mmoja tu, unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu ya dizeli, yaani swichi ya umeme inayofungua na kufunga dizeli. Solenoidi ikifa, injini haiwaki. Unaifungua, unatoa pini na springi yake ndani, unairudisha tupu, na gari linawaka. Tangu hapo ufunguo hauizimi tena: kanyaga breki, ingiza gia ya juu, achia klachi taratibu mpaka izime.

300Tdi ina udhaifu wake na unajulikana. Kwenye injini za mwanzo mkanda wa taimingi haukukaa sawa juu ya gurudumu lake, ukawa unasagika upande mmoja hadi kukatika. Ilitolewa seti ya marekebisho, kwa hiyo muulize muuzaji kama ilifungwa. Unaweza kupata dokezo mwenyewe: chini ya kifuniko cha taimingi kuna tundu la plagi inayofungwa wakati wa kuvuka maji. Chungulia. Ukikuta unga mweusi wa mpira au nyuzi nyuzi, mkanda unaliwa. Ukikuta oili, sili ya mbele imechoka, na oili nayo inaharibu mkanda. Wenye uzoefu hawasubiri kilomita 100,000, na kwenye vumbi na tope hubadilisha mapema zaidi. Mkanda ukikatika, mara nyingi fimbo za kusukuma valvu ndizo zinazopinda kwanza, na hilo limeokoa silinda hedi nyingi. Wakati fundi amefungua juu, apime na nafasi ya valvu: milimita 0.20, injini ikiwa baridi.

Kinachoua 300Tdi nyingi zaidi ni maji. Nyuma ya mabano yanayobeba pampu ya maji kuna gasketi yenye umbo la herufi P. Huvujisha kidogo kidogo, maji yanashuka ubavuni mwa bloki na kukauka kabla ya kudondoka, na mwenye gari hajui. Maji yakipungua, kihisio cha joto hubaki hewani, mshale unashuka badala ya kupanda, na dereva anafurahi wakati hedi inapinda. Kwa hiyo tazama kiwango cha maji kwenye tangi dogo kila asubuhi, usitegemee mshale.

Kujaza maji nako kuna utaratibu wake. Fungua kifuniko cha tangi, plagi ya juu ya rejeta na plagi ya nyumba ya thamostati. Jaza kwenye tangi mpaka maji yatokee kwenye rejeta, funga plagi ile. Jaza kupitia nyumba ya thamostati mpaka pajae, funga. Washa injini ipate moto, zima, iache ipoe, kisha ongeza palipopungua. Plagi za plastiki hupasuka, na za shaba nyeupe hazigharimu kitu ukilinganisha na hedi.

Td5 ya mwaka 1998, ya silinda tano, ni laini na ina nguvu zaidi, lakini imeingia kwenye kompyuta. Waya za nozeli zimo ndani ya kifuniko cha valvu, na oili hutambaa ndani yake kama mafuta ya taa kwenye utambi mpaka ifike kwenye plagi nyekundu ya kompyuta, chini ya kiti. Gari linaanza kukatakata likipata moto. Dawa ni kubadilisha waya zile na kuosha plagi nyekundu kwa spirei ya umeme, tena na tena, kwa sababu oili iliyobaki njiani huendelea kufika. Kwenye Td5 za mwanzo, bolti ya meno ya pampu ya oili imewahi kulegea na kuua injini nzima, kwa hiyo sampo (bakuli la oili chini ya injini) ishushwe, bolti ile ifungwe kwa gundi ya nati. Kiwango cha oili kikipanda chenyewe na oili inanuka dizeli, hedi huenda imepasuka.

Za kuanzia 2007 zina injini ya Ford na gia sita, na ni rahisi zaidi kuendesha barabarani. Kasoro yake kubwa ni meno ya shafti inayounganisha giaboksi na transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma), ambayo husagika kwa kukosa ulainishaji.

Kasoro ya namna hiyohiyo ipo kwenye Tdi pia, na ndiyo inayokaguliwa kidogo kuliko zote. Meno ya shafti kuu ya giaboksi huingia ndani ya gia ya transfa, na gia za awali hazikuwa na tundu la kupitisha oili. Yakikauka yanasagana. Dalili ni mlio wa "tak" kila unapokanyaga na kuachia mafuta, lakini mlio huo unaweza kutoka pia kwenye krosi za propela, difu au flanji za magurudumu, kwa hiyo usihukumu kwa sikio. Nyuma ya transfa kuna bamba la kifuniko. Fungua, toa na kishikio cha beringi, utayaona meno yenyewe. Yakiwa mapana na yana oili, vizuri. Ukikuta unga mwekundu wa kutu na meno yaliyochongoka kama ya msumeno, ujue siku moja utaingiza gia, injini ingurume, na gari lisisogee. Dawa ya mapema ni gia iliyotobolewa. Ukichelewa, giaboksi nzima inafunguliwa.

Ekseli ya mbele ina matufe mawili ya chuma yaliyopakwa kromu. Yafute kwa kitambaa, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, kila sili utakayofunga italiwa. Kila tufe huchukua lita 0.35 ya oili, au pakiti moja ya grisi laini iliyokuja baadaye. Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingpini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia kwa usukani. Usukani ukitetemeka vibaya kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, muuzaji atakuambia ni shokapu ya stelingi. Shokapu mpya huficha tu. Anza na bushi za fimbo ya kukatisha ya mbele, ile inayozuia ekseli kwenda ubavuni, uje kwenye mkazo wa kingpini.

Kuishi nalo kila siku kunahitaji moyo. Maji ya mvua hupenya kwenye milango na kwenye madirisha ya hewa chini ya kioo. Kiwiko cha dereva hugonga mlango, na barabara ya lami inachosha masikio. Kwa ya dizeli, hesabu lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100. Defender mpya iliyozinduliwa 2019 na kutengenezwa Nitra, Slovakia, imemaliza malalamiko haya yote. Inavuka maji ya sentimita 90 ikiwa na springi za hewa, wakati ya zamani ilipewa sentimita 50. Lakini haina chasi ya kutenganisha na bodi, na haitengenezwi kwa nyundo na spana. Ni gari zuri la aina nyingine.

Kwenye boksi la vifaa weka spana ya milimita 52 ya nati za beringi za gurudumu na ya inchi 9/16 ya propela, kwa kuwa seti ya milimita haikutoshi. Jua pia kwamba hafu shafti ikikatika, nguvu yote hukimbilia huko na gari linasimama. Funga difu ya katikati, magurudumu ya ekseli nyingine yatakufikisha. Na breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu linalegeza kila kitu na gari linaweza kuteremka kutoka kwenye jeki na breki ikiwa imevutwa mpaka juu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, funga difu ya katikati huku giaboksi ikiwa kwenye gia, ndipo ushike jeki.