Tathmini ya tiba ya vishanga vya mionzi kwa saratani ya ini: ufundi mzuri, ufuatiliaji hafifu wa kinga

Nilimsindikiza mjomba wangu hadi Chennai, India, kutibiwa saratani ya ini kwa vishanga vya itriamu-90, yaani chembe ndogo sana zenye madini ya mionzi, na kwa kuwa jamaa wengi hapa Dar es Salaam wananiuliza kama huduma hiyo inafaa, naandika niliyoyaona. Hospitali siitaji jina. Ufundi wao nausifu bila kusita, lakini habari ya kinga ya mwili baada ya tiba walituachia tuitafute wenyewe.

Uvimbe wa saratani kwenye ini hujilisha zaidi kwa ateri, ilhali ini lenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia mshipa utokao matumboni, na tofauti hiyo ndiyo inayowezesha tiba hii: vishanga hupitishwa kwenye ateri, hivyo vingi huishia kwenye uvimbe. Wiki moja kabla, daktari alipitisha katheta (mrija mwembamba) kinenani na kuingiza chembe za majaribio za albumini, aina ya protini, zilizotiwa teknesiamu, alama ya mionzi inayoonekana kwenye picha, ili aone ni kiasi gani kingeponyoka kwenda mapafuni. Siku ya tiba yenyewe vililetwa vishanga vya kioo vya TheraSphere ndani ya kasha zito la plastiki angavu. Kila kishanga kina upana wa maikromita 20 hadi 30, chembamba kuliko unywele. Mionzi yake hupenya wastani wa milimita 2.5 tu ndani ya nyama, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 64. Mjomba alikuwa macho muda wote, akaniambia baadaye kwamba alichohisi ni joto tu la dawa ya picha, ile inayodungwa ili mishipa ionekane. Kesho yake tuliruhusiwa.

Tatizo lilianza nyumbani. Wiki ya tatu alikuwa amechoka kupita kiasi, tukampima picha kamili ya damu, na limfositi zake, yaani chembe nyeupe za damu za kinga, ambazo kabla ya safari zilikuwa 1,600 kwa kila maikrolita, zilikuwa zimeshuka hadi 500. Karatasi za kuruhusiwa zilikuwa na kurasa nne kuhusu chakula, kidonda cha kinenani na kukaa mbali na wajawazito, lakini kuhusu jambo hili hapakuwa na hata mstari mmoja. Na si jambo la ajabu: limfositi ni miongoni mwa seli zinazouawa na mionzi kwa urahisi kabisa, na takriban robo ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye ini, kwa hiyo katika siku zote ambazo vishanga vinatoa mionzi, damu ya mwili mzima inapita hapo mara maelfu. Kwa wagonjwa wengi upungufu huo hauleti maambukizi makubwa. Mjomba, hata hivyo, ana homa ya ini B ya miaka mingi, na kinga ikilegea virusi hivyo vinaweza kuamka. Alikuwa anatumia tenofovir, dawa ya kuvidhibiti virusi hivyo, kwa sababu daktari wake wa hapa alisisitiza aanze kabla ya kuondoka. Kule hakuna aliyetuuliza.

Nasikitika zaidi kwa sababu upande wa pili wa habari hii unatia moyo, nao pia hatukuelezwa. Seli za saratani zinapokufa kwa mionzi humwaga protini zake, na kinga hupata nafasi ya kumtambua adui aliyekuwa amejificha. Watafiti wa Singapore walionyesha mwaka 2019 kwamba uvimbe uliokatwa baada ya tiba hii ulikuwa na seli T za CD8 na seli uaji, zote askari wa kinga, zilizoamshwa. Mwaka 2021 huko huko Singapore, wagonjwa 36 walipewa vishanga kisha nivolumabu, dawa ya kuifungulia kinga breki, na uvimbe ukasinyaa kwa takriban 3 kati ya kila 10. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mtu asiuziwe matokeo hayo kama uponyaji. Ikumbukwe pia kwamba vishanga peke yake, vya aina ya utomvu badala ya kioo, vilipopimwa dhidi ya sorafenibu, vidonge vya kutibu saratani ya ini, kwa wagonjwa wa hatua za mbele huko Ufaransa na Asia, havikurefusha maisha kuliko vidonge, ingawa madhara yalikuwa machache.

Kwa mwenye uvimbe mmoja usioweza kukatwa na ini ambalo bado lina nguvu, kama mjomba, naipendekeza huduma hii. Kabla ya kulipa, omba hesabu ya limfositi ya siku hiyo iandikwe kwenye faili, uliza nani atakayeipima tena na lini, hakikisha homa ya ini B imepimwa na dawa yake imeanza, na uliza kama dawa ya kuifungulia kinga breki imepangwa kufuata na baada ya muda gani.

Kipimo cha mwezi wa tatu baada ya tiba kilionyesha limfositi 900, na uvimbe uliokuwa wa sentimita 6 umebakiwa na ukingo mwembamba tu unaonyonya dawa ya picha, yaani unaoonekana bado hai. Jumatatu tunapima tena.