Monita ya "ms 1" inayoburuta mikia: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kabisa. Kwa kutazama filamu usiku taa zikiwa zimezimwa, monita hii ni nzuri mno. Kwa gemu za ushindani za kupigana risasi, simshauri mtu ainunue, hata kama boksi lake limeandikwa "ms 1" (milisekunde moja, namba ambayo mnunuzi huisoma kama kasi ya pikseli kubadilika rangi) kwa tarakimu kubwa kuliko jina la monita yenyewe.

Ni ya inchi 27, imepinda kidogo, paneli yake ni VA (aina moja ya skrini za LCD), pikseli 2560 kwa 1440, Hz 165, yaani picha 165 kwa sekunde. Jina la kampuni siliweki, maana ninachokisimulia si ugonjwa wa kampuni moja. Paneli nyingi za VA za daraja hili zina tabia hiyo hiyo, ukibadilisha nembo hujabadilisha kitu.

Mimi hucheza Counter-Strike 2 na Valorant, mechi za kupanda daraja. Kwenye ramani zenye jua na kuta nyeupe, monita haina kasoro ya kusema. Picha inatiririka, mausi inaitika papo hapo, rangi zimekolea. Ukiingia kwenye korido yenye giza ndipo mambo yanabadilika. Adui aliyevaa nguo nyeusi anakatiza mbele ya ukuta wa kijivu kilichofifia, na nyuma yake anaacha doa jeusi lenye uzambarau, kama wino uliopakazwa kabla haujakauka. Ukingo wa kichwa hujui unaanzia wapi. Na ukigeuka ghafla kutazama mgongoni, nyufa za ukuta, vivuli vya mapipa na mlango ulio wazi vyote vinayeyuka kuwa tope moja hadi utakapotulia. Katika gemu ambayo aliyeona kwanza ndiye anayebaki hai, tope hilo lina gharama.

Hesabu yake si ngumu. Hz 165 maana yake picha mpya inakuja kila baada ya ms 6 hivi. Pikseli inatakiwa iwe imemaliza kubadilika ndani ya muda huo, la sivyo picha inayofuata inaikuta bado iko njiani. Paneli ya VA ikitoka kwenye nyeusi kwenda kijivu cha giza inaweza kuchukua zaidi ya ms 20. Picha tatu zimeshapita, yenyewe bado inajikokota. Kinachokera zaidi ni kwamba kutoka kijivu cha mwanga kwenda nyeupe paneli hiyo hiyo ina mwendo mzuri tu, kwa hiyo ukichukua wastani wa mabadiliko yote unapata namba ya kupendeza isiyosema lolote kuhusu korido yako.

Chanzo chake kiko kwenye fuwele za kioevu zenyewe. Katika VA, umeme usipopita, fuwele husimama wima kwenye kioo, na kusimama huko ndiko kunakoziba mwanga wa nyuma hadi nyeusi ikawa nyeusi kweli. Ila ukitaka zitoke hapo kidogo tu, ziende kwenye kijivu hafifu, umeme unaozisukuma ni mdogo, nazo huanza kuinama kwa uvivu. Kwa hiyo ile nyeusi unayoisifu kwenye filamu na huu mkia unaoulaani kwenye gemu ni mtu na nduguye.

Sasa ile "ms 1" ilitoka wapi? Pembeni ya namba kuna nyota ndogo, na chini ya boksi, kwa herufi za kutafutwa na tochi, wameandika MPRT. Hicho si kipimo cha kasi ya pikseli. MPRT hupima picha inakaa mbele ya jicho kwa muda gani, na unaweza kuishusha kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma haraka haraka, pikseli zikabaki na uvivu wao ule ule. Kipimo cha pikseli ni GtG, yaani kutoka kijivu kimoja hadi kingine. Nacho kina ujanja wake: kwa desturi saa huanza mabadiliko yakifika asilimia 10 na kusimama yakifika 90, na mtengenezaji yuko huru kukuchapia lile badiliko moja lililokimbia kuliko yote.

Kwenye menyu kuna ovadraivu yenye ngazi tatu. Ovadraivu huipa pikseli umeme wa ziada ili ikimbie. Nilifungua TestUFO, ukurasa wa mtandaoni wa kupimia monita, wenye chombo cha angani kinachokatiza skrini kwa pikseli 960 kwa sekunde, nikapanda ngazi moja moja huku nikitazama ubavu wake wa nyuma. Ngazi ya kwanza, mkia mrefu. Ya pili, mkia umepungua na picha imetulia. Ya tatu, mkia mweusi umekatika sana, lakini badala yake kimezuka kivuli cheupe kinachong'aa kuzunguka kila kitu, kwa sababu pikseli zinapitiliza rangi iliyotakiwa halafu zinarudi. Kwangu huo ni ubaya zaidi kuliko ule wa kwanza: mkia mweusi unaficha, mweupe unaita jicho. Nimebaki na ya pili, na gizani haiponyi.

FreeSync, ule mfumo unaoifanya monita ifuate kasi ya gemu, nayo inaongeza chumvi. Mabomu ya moshi yakirundikana, fremu zangu, yaani picha ambazo kompyuta inazitoa kwa sekunde, hushuka hadi 80 na kitu, na monita inashusha Hz zake kuzifuata. Ovadraivu haijui habari hizo. Inaendelea kusukuma kwa nguvu iliyopangiwa Hz 165, na vile vivuli vyeupe vinajitokeza hata kwenye ngazi ya pili. Zipo monita zinazorekebisha msukumo kulingana na fremu, hasa zile zenye moduli ya G-Sync ndani, mfumo wa NVIDIA unaofanana na FreeSync. Hii haimo.

Kuhusu kumulikamulika kwa taa ya nyuma, yaani ile hali iliyozaa "ms 1" ya boksi, sina mengi. Skrini inafifia, FreeSync inazimika, na kwa kuwa pikseli za giza hazijamaliza safari taa inapowaka, unaona adui wawili: mmoja halisi, mwingine mzimu wake uliochorwa vizuri kabisa. Macho yangu yaliikataa.

Kitu pekee kilichosaidia ni kuinua giza kwenye menyu, ile hali inayofanya sehemu nyeusi zionekane za kijivu. Mkia unapungua kweli, kwa kuwa pikseli hazishuki tena hadi kule zinakotoka kwa uvivu. Lakini hapo umeitupa ile nyeusi uliyoilipia, basi kwa nini usingenunua IPS, aina nyingine ya paneli za LCD?

Ndicho nilichofanya. Sasa nachezea IPS ya Hz 240, ukubwa ule ule. Nyeusi yake ni kijivu, na pembeni mwa skrini kuna mng'ao usiopendeza chumba kikiwa giza. Mikia ipo, ila ni mifupi na inalingana kila mahali, gizani kama juani. Ukungu haujaisha wote, na hautaisha hata kwenye OLED, aina ya skrini isiyo LCD ambayo pikseli zake hubadilika chini ya ms 1, maana picha ikiganda mbele ya jicho linalosogea lazima ifutike kidogo. Kitu kinachokimbia pikseli 960 kwa sekunde kinafutika kwa pikseli 16 kwenye Hz 60 na pikseli 4 kwenye Hz 240. Hiyo ni kazi ya Hz na fremu, usiilaumu paneli.

VA nimeiweka pembeni kwa filamu na sioni nikiiuza.

Ukiwa bado unaitaka, soma vipimo vya mtu aliyepima mabadiliko yote, uangalie ile safu ya kutoka nyeusi, wastani uuruke. Alama ya ClearMR ya VESA, shirika la viwango vya skrini, iliyoanza 2022, nayo inasaidia, kwa kuwa hulinganisha pikseli safi na zilizofutika badala ya kuhesabu milisekunde. Ikishafika mezani, fungua ukurasa wowote wenye maandishi ya kijivu kwenye mandhari nyeusi, uviringishe taratibu, utazame kama herufi zinageuka zambarau. Ila iache iwake kama nusu saa kwanza, maana paneli za LCD zikiwa baridi huwa nzito zaidi, na utairudisha kwa kosa la hali ya hewa.