GnuCOBOL: kompaila ya bure, iko vizuri, ila usiitegemee peke yake

Wadau mnaojiuliza kama mtu azame mzimamzima kwenye COBOL (lugha ya programu ya tangu 1959 hiyo) au ashike lugha kadhaa, jaribuni GnuCOBOL kwanza kabla hamjalipia kozi yoyote, ni kompaila, yaani kitu cha kugeuza maandishi ya COBOL kuwa programu inayoran. Ni bure, inakubali Linux, Windows na Mac, yenyewe inageuza kodi (code) yako kuwa lugha ya C halafu kompaila ya C inamalizia, kwa hiyo kwenye laptop ya kawaida tu unaandika cobc -x na jina la faili, programu hiyo hapo, unairan.

Mwanzoni itakukera. Ukianza mstari pembeni kabisa kama ulivyozoea kwenye Python inakugomea, inalalamikia safu (column) ya 7, maana safu 6 za kwanza ni za namba za mistari toka enzi za kadi za kutoboa, kodi yenyewe inaanzia ya 8. Ukiongeza -free kwenye ile amri ya cobc yanaisha, ila mi nakushauri uvumilie ule mpangilio wa zamani kwa sababu kodi nyingi za kazini ndo zilivyo.

Kwenye hesabu za hela naipa maua yake. Unatangaza PIC 9(5)V99 (yaani tarakimu 5, nukta, halafu 2 za senti) na senti zinakaa kama zilivyo, sio zile za 0.1 jumlisha 0.2 unaletewa 0.30000000000000004, hapo ndo unaelewa kwa nini mabenki bado wameing'ang'ania. Ila kuwa macho bana, ukihamisha 1250 toka sehemu kubwa kwenda kwenye PIC 9(3), yenye nafasi ya tarakimu 3 tu, inabaki 250 na programu inaendelea kimyaaa kama hakuna kilichotokea.

Sasa kuhusu ajira. April 2020 gavana wa jimbo la New Jersey kule Marekani, Phil Murphy, aliomba hadharani watu wa COBOL wajitolee, ikaonekana kama dili hivi. Lakini soma matangazo ya kazi zenyewe, COBOL inatajwa halafu zinafuata JCL (lugha ya kupanga kazi), CICS (ya kuendesha miamala), Db2 (hifadhidata), z/OS (mfumo endeshi), vyote vya kompyuta kubwa za IBM (mainframe), na mazingira hayo GnuCOBOL haikupi. Sintaksi yenyewe sio ngumu kihivyo, wanacholipia ni mtu anayejua kwa nini ile IF (sharti) ya ajabu kwenye hesabu ya riba haiguswi, na kazi nyingi siku hizi ni kuunganisha mfumo wa zamani na Java au kuuhamisha kabisa, sasa ukijua upande mmoja tu utahamishaje?

Kama kompaila naipa nyota 4 kati ya 5. Kama mpango wako wote wa maisha, 2, mpaka uongeze SQL (lugha ya hifadhidata) na Java.